Trekta la Fundi Cherehani

Fundi alitoka asubuhi kwenda kutazama tu, akarudi adhuhuri akiwa amekwisha kulipia amana ya trekta. Alisimama mlangoni akitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni, kisha akatoa risiti mfukoni mwa shati na kuinyoosha mbele. Aliielekeza pale sauti ya mkewe ilipokuwa imetokea. Mkewe alikuwa amekwisha kuhama.

"Soma mwenyewe, Kibaba," alisema. "Usije ukasema mumeo ni mtu wa maneno matupu."

Kibaba halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake wa sokoni walimpa kwa ajili ya ufupi wake, na mumewe, mrefu kama nguzo ya simu, akalipenda, akalileta nyumbani, likabaki. Alipangusa mikono kwenye gauni, akaichukua risiti na kuisogeza penye mwanga wa dirisha. Aliisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa midomo.

"Fundi. Hapa wameandika nguvu za farasi hamsini na tano."

 Fundi alikuwa akikitafuta kiti kwa mkono wa nyuma, na alipokipata akakaa taratibu mno.

"Ishirini na tano," alisema.

"Hamsini na tano. Tano mbili zimefuatana, nyeusi tii. Si tulikubaliana lile dogo?"

"Basi ni hamsini na tano." Sauti yake ilijikaza katikati ya safari. "Nimebadili mawazo. Ukimshonea mtoto nguo, huongezi nafasi ya kukua?"

"Trekta halikui."

"Kichaka kinakua."

Siku nyingine Kibaba angecheka. Leo aliikunja risiti, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Alijua mumewe hakubadili mawazo yoyote. Alikuwa amesimama katika yadi ya matrekta, akawekewa karatasi asiyoweza kuisoma, akaona haya kuuliza, akatia sahihi.

"Na daraja?" aliuliza.

"Daraja litatengenezwa."

"Na nani?"

"Kibaba, nimechoka. Nipe maji."

Daraja lenyewe lilikuwa magogo manne juu ya mfereji, na ndiyo njia pekee ya kuingia katika zile ekari tano alizoachiwa Kibaba na shangazi yake. Mwaka uliopita walikodi trekta kubwa. Lilifika darajani, dereva akashuka, akayatazama magogo, akalitazama trekta lake, akapanda tena na kurudi alikotoka. Nauli ya kuja na kurudi wakalipa wao. Wakaleta vibarua. Vibarua walifyeka, mvua ikanyesha, kichaka kikarudi na ndugu zake wote. Mgongo wa Kibaba nao ukakataa jembe. Sasa palikuwa na barua ya ofisi ya ardhi, imebanwa nyuma ya mlango kwa pini ya kushonea: shamba likikutwa pori mvua zitakapoanza, litagawiwa mtu mwingine. Zilibaki siku arobaini na tatu. Ndiyo maana Fundi aliuza kibanda chake cha ushonaji na vyerehani viwili kati ya vitatu. Hapakuwa na kingine cha kuuza kama trekta lingekosewa.

*

Kesho yake Kibaba aliamka kabla ya jua kama kawaida, akakaa chini ya taa na kutunga uzi kwenye sindano ishirini. Alizichomeka moja moja kwenye kimto chekundu: nyuzi nyeusi kushoto, nyeupe kulia, za rangi katikati. Kisha akavisha uzi cherehani, akaacha ncha ndefu ili mkono uipate kwa urahisi.

Alikuwa akifanya hivyo kwa mwaka wa pili. Siku ya kwanza alimkuta mumewe akiichoma hewa kwa ncha ya uzi, jasho likimtoka, naye akamwambia, "Lete hapa, wewe una haraka ya wateja." Tangu siku hiyo sindano zilikutwa tayari kila asubuhi, na Fundi hakuuliza nani kazitunga, kama vile zilikuwa zikiota kimtoni. Baadaye, akifua koti, Kibaba alikuta kadi ya kliniki ya macho. Presha ya macho, iliandikwa, kilichopotea hakirudi. Aliikausha kadi, akairudisha mfukoni vilevile ilivyokuwa. Walikuwa wameishi na jambo hilo katikati yao kama mgeni asiyeongea, wakimpisha njia ukumbini.

Mzee Fundi alikuwa bado na uoni wa mbele, kama mtu anayechungulia katika tundu la kitasa, na tundu lenyewe lina ukungu. Watu walidhani kibanda kilikufa kwa sababu ya nguo za madukani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo.

"Leo tunarudi yadini," alisema Kibaba alipompa chai.

"Kufanya nini?"

"Kubadilisha."

"Nikawaambie nini? Mke wangu amenituma?"

"Waambie daraja."

Fundi alizungusha kikombe kwenye sahani. "Miaka thelathini na mmoja nimepima watu. Sijapata kumrudishia mtu kitambaa kwa kuwa nimekosea kipimo. Sasa niende nikasimame mbele ya wale watu niseme nimekosea?"

"Nitasema mimi."

"Ukisema wewe ndiyo mbaya zaidi."

Kibaba alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga ulimini tangu usiku: Baba, najua huoni. Matatu tu. Lakini aliona mkono wa mumewe ukitambaa mezani kuitafuta sukari, ukaipita, ukarudi, ukaipita tena, naye akaisukuma sukari mbele kwa kidole kimoja na kumeza maneno yake yote pamoja na chai.

"Vaa shati la mikono mirefu," alisema. "Yadini kuna grisi."

*

Yadi ilikuwa uwanja wa kokoto wenye uzio wa mabati. Matrekta yalipangwa kwa kimo kama wanafunzi mstarini, makubwa nyuma, madogo mbele. Penye kivuli palikuwa na benchi ambapo wanunuzi wengine watatu walikuwa wakisubiri zamu. Kibaba alipotaka kukaa, walisogea kidogo tu, kiasi cha mtu kuweka nusu yake.

Muuzaji alikuja na kalamu sikioni na tabasamu lililompita Kibaba juu ya kichwa.

"Mzee wangu! Umekuja kuchukua mnyama wako?"

"Tumekuja kubadilisha," alisema Kibaba.

"Mzee," Muuzaji aliendelea, "mashine imeoshwa, imetiwa mafuta. Ni jaribio la dereva tu limebaki, halafu unamalizia malipo yako."

"Baba'angu, nimesema tunabadilisha. Ile haipiti darajani kwetu. Tunataka lile la ishirini na tano."

Muuzaji aligeuka kana kwamba ndiyo kwanza amesikia sauti yenye mwili. "Mama, amana hairudi. Kubadilisha kunawezekana, lakini meneja anataka sababu ya msingi. Daraja si sababu. Daraja ni lenu."

"Lakini mlijua ni ekari tano. Mnamuuziaje mtu wa ekari tano gari la kulimia uwanja wa ndege?"

Mmoja wa watu wa benchini aliguna kwa kicheko. Muuzaji alitoa kalamu sikioni. "Mzee alionyesha kwa kidole chake mwenyewe. Au vipi, mzee? Si ulionyesha lile pale?"

Fundi alisimama wima. 

"Nilionyesha," alisema. "Hatubadilishi. Lete funguo."

"Baba..."

"Kibaba, nyamaza."

Hakuwa amepata kumnyamazisha mbele za watu, hata siku moja. Kibaba alihisi masikio yakiwaka moto. Akarudi kukaa kwenye ile nusu yake ya benchi, akashika mkoba kwa mikono miwili.

Jaribio lilikuwa jepesi kwa mwenye macho. Kila mnunuzi alipaswa kuliendesha trekta lake kufuata mstari mweupe, kuzunguka pipa la mwisho, na kurudi. Mapipa mengine yalipangwa pande zote mbili za mstari. Fundi hakuwa mgeni wa usukani. Ujanani aliendesha gari la kiwanda cha nguo miaka sita. Mekanika wa yadi, mtu mnene mwenye ovaroli nyeusi ambaye wote walimwita Grisi, alimshika kiwiko na kumpandisha kitini. Alimwonyesha klachi, breki na gia, kisha akawasha. Trekta lilinguruma, kokoto zikatetemeka.

"Fuata mstari, mzee. Polepole. Hapa hakuna anayekukimbiza."

Fundi aliinamisha shingo. Aliitafuta ardhi kwa uso mzima, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Trekta likaondoka, likaenda hatua tano vizuri, kisha likaanza kuuacha mstari kidogo kidogo kuelekea mapipa ya kushoto, na yeye hakurekebisha kitu. Hakujua kwamba yapo.

Kibaba hakukumbuka baadaye kuinuka. Alijikuta uwanjani, mkoba umeanguka, akikimbia kwa miguu yake mifupi mpaka mbele ya trekta, kwenye mstari. Akaanza kutembea akiwa ameligeuzia mgongo, kichwa chake kilichofungwa kitambaa cha manjano kimenyooka, kama mtu aendaye zake sokoni. Nyuma yake alisikia ngurumo ikisita, ikatafuta, ikamfuata.

"Hee, mama!" mtu alipiga kelele benchini. "Unachunga trekta?"

"Lifunge kamba basi, lisije likapotea!"

Vicheko vikajaa. Kibaba aliendelea. Alipita pipa la tatu, la nne. Mashine ile ilikuwa na uzito wa nyumba, na kilichoizuia isimpitie mgongoni ni tundu dogo tu la jicho na kitambaa cha manjano. Alifika pipa la mwisho. Akaanza kulizunguka, na hapo ndipo Fundi alipompoteza.

Injini ilizimika ghafla. Kibaba aligeuka. Gurudumu la mbele lilikuwa hatua mbili kutoka alipo, na juu kabisa mumewe alikuwa ameachia usukani, mikono mapajani.

"Kibaba, uko wapi?"

"Niko hapa. Kulia kwako."

"Sikukugonga?"

"Hukunigonga."

Muuzaji alikuwa anakuja mbio, Grisi nyuma yake. "Mzee, nini tena? Mbona umezima?"

Fundi aliutafuta upande wa sauti, akageuza uso huko. "Sioni," alisema.

"Jua limekupiga usoni? Tunaweza..."

"Jua halina kosa. Sioni, bwana. Jana hukunidanganya, mimi ndiye niliyekudanganya. Nilionyesha chekundu kikubwa kwa kuwa ndicho pekee nilichokiona." Alinyoosha mkono kuelekea kwa mkewe. "Anayeendesha ni huyu. Mpandisheni."

 Benchini mtu mmoja alianza kukohoa, akaacha. Kibaba alitamani kumfunika mumewe kwa kitu chochote, gunia hata. Lakini Fundi alikuwa akishuka mwenyewe, akipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu, na alipofika chini alicheka kidogo.

"Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Haya, nimechutama. Bahati nzuri mimi ni fundi, nitajishonea nyingine."

Kibaba alipandishwa. Alikaa kwenye kile kiti kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Alinyoosha mguu wa kushoto kuitafuta klachi. Kiatu kikaning'inia hewani. Alipojivuta mbele hadi mguu ukafika, mgongo wake ukaachana na kiti na mikono ikashindwa kuushika usukani vizuri.

"Anaweza kujifunza," Muuzaji alisema haraka. "Anaweza kuweka mto."

"Mto hauongezi miguu," alisema Grisi, akijipangusa mikono. "Sitii sahihi hapa. Dereva asiyefika klachi hakabidhiwi mashine, kanuni mmeiandika wenyewe na mmeibandika pale ukutani. Unataka sababu ya msingi? Hiyo inaning'inia."

Muuzaji alitazama kiatu kile. Alionekana kuhesabu kitu kinachompotea. "Haya," alisema mwishowe. "Mzee, chagua lingine."

"Muulize yeye," alisema Fundi.

*

Madogo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, lina kibanda cha kioo na taa nne. La pili lilikuwa la buluu iliyopauka, limetumika misimu miwili, halina hata paa. Bei yake ilikuwa chini kiasi kwamba baki ingenunua na mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma. Muuzaji alianza kulisifu lile jipya. Kibaba alimwacha amalize.

"Likiharibika, vipuri vyake viko wapi?"

"Tunaagiza. Wiki sita, nane."

"Na hili?"

"Hilo vipuri vyake vimejaa kila duka," alisema Grisi. "Hata mimi ninavyo kabatini."

"Linavuta kwa magurudumu manne? Kwetu kuna mteremko."

"Linavuta."

"Uzito?"

Grisi alitaja uzito wake. Kibaba aliufikiria kwa mikokoteni ya matofali aliyowahi kuona ikivuka yale magogo, mmoja baada ya mwingine, msimu mzima. "Litavuka," alisema. "Kama upana unaruhusu."

Hapo Fundi alitoa futi yake ya kitambaa mfukoni. Alipiga goti kwenye kokoto, akapima toka ukingo wa tairi moja hadi ukingo wa jingine, bila kuinamisha kichwa. Alisomea kwa kidole gumba. Kibaba alisogea karibu, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba ile futi ilikuwa imeshonwa: kila baada ya vidole kadhaa palikuwa na fundo dogo la uzi, mafundo mawili penye mita, yamewekwa kwa mkono wa mtu asiyeona vizuri, mengine yamekwenda upande.

Kumbe naye alikuwa na sindano zake.

"Mita moja na robo, na kidogo," alisema Fundi. "Daraja?"

"Hatua zangu mbili na unyayo."

"Hatua zako nazijua. Linapita, na linabakiza nafasi ya kupumua." Kisha akasema, "Panda."

Alipanda. Fundi alimfuata kwa mkono, akapata goti lake, akaishusha futi toka goti hadi kisigino, kisha toka kiti hadi klachi, pale mbele ya Muuzaji na watu wa benchini, kama anavyompima mteja suruali.

"Fundi, watu wanatazama," alinong'ona Kibaba.

"Watazame. Wana macho." Alikisogeza kiti mbele tundu moja, akapima tena. "Kanyaga."

Klachi ilishuka mpaka chini.

*

Liliposhushwa kutoka kwenye lori la yadi, baada ya Grisi kumfundisha Kibaba na kutia sahihi, zilikuwa zimebaki siku thelathini na nane, na upande wa pili wa mlima kulikuwa na mawingu ambayo hayakuwepo jana. Kibaba alilivusha darajani akiwa amefumba mdomo kwa nguvu hadi meno yakamuuma. Magogo yalilia, yakanyamaza. Alisimama ng'ambo, akashusha pumzi, akagundua kwamba amekuwa akimwita marehemu shangazi yake njia nzima.

Mstari wa kwanza ulimchukua saa nzima. Injini ilimzimikia mara sita. Mashine ya nyuma ilikoroma, vijiti vikaruka, panya wa porini wakahama na familia zao. Kila alipofika mwisho wa mstari alitazama angani kabla ya kutazama kazi yake. Siku thelathini na nane, ekari tano. Alizigawa kichwani, akazigawa tena, hazikukaa sawa. Alitaka kwenda haraka zaidi. Aligeuza, akashika mstari wa pili, wa tatu, akaongeza gia.

Mumewe hakukaa kivulini alipomwekea kiti. Aliposikia trekta liko mbali, alishika fimbo, akaingia kwenye sehemu iliyofyekwa na kuanza kuifuata kwa miguu, taratibu, akiburuta soli zake nyembamba juu ya visiki vya majani kama kidole kinavyopita juu ya mshono. Kibaba alimwona kwa mbali amesimama. Ameinama. Ameinua fimbo.

Alizima injini. "Kuna nini? Umejikwaa?"

"Hapa umeruka!"

"Siwezi kuruka, nimefuata mstari!"

"Umefuata, lakini majani yamelazwa na gurudumu, ukapita, yakaamka nyuma yako. Utepe mzima huu, tangu kule." Aliupiga kwa fimbo, na kweli, majani yalikuwa yamesimama tena, membamba, marefu, kama hayakuguswa. "Bwana ardhi akija atayaona haya kwanza."

Kibaba alitazama mawingu. "Baba, hatuna siku za kurudia."

"Ukiyaacha, mvua ya kwanza yanazaa. Mimi nitapita nyuma yako kila mstari, nikikuta nitapiga kelele. Usiendeshe kwa gia hiyo, nimeisikia. Shuka moja."

"Wewe ndiye umenifundisha kuendesha?"

"Mimi ndiye ninayekagua. Mshono ukiachia, mteja harudi kwa cherehani, anarudi kwa fundi. Zunguka."

Alisogea pembeni, akasimama juu ya utepe ule ulioachwa, fimbo imechomekwa ardhini ili mkewe apaone. Kibaba alitaka kusema kitu kuhusu siku. Badala yake akawasha injini, akakanyaga klachi, akashusha gia moja, akakunja usukani wote kuelekea alipo mumewe.